Kulia mbele ya Mungu si kukosa imani



Kuna swali linalorudi mara nyingi katika parokia zetu. Haliulizwi mbele ya watu. Linaulizwa kwa sauti ya chini kiisha ibada, wakati wana-korale wanakusanya ngoma zao na wengine wamekwisha kushika njia. Mama aliyezika watoto wawili katika mwaka mmoja anauliza kama ametenda dhambi, sababu usiku alimwuliza Mungu yuko wapi. Mkulima aliyekimbia vita mara tatu, na kila mara akaacha mihogo shambani karibu na mavuno, anauliza kama kilio chake si kumtukana Mungu. Mwalimu wa Goma, ambaye malipo yake yalibaki ndani ya benki zilizofungwa mwanzo wa mwaka 2025, anauliza vilevile. Wote wanataka kujua neno moja: je, mwamini ana ruhusa ya kumlalamikia Mungu?

Jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: soma Zaburi, utafarijika. Jibu hilo ni jema, na tutaendelea kulitoa. Lakini anayelitoa anapashwa kujua anampeleka mwenzake kwenye Zaburi ipi. Wengi wetu tunajua kwa moyo ile ya 23 ya mchungaji, ile ya 121 ya mtu anayeinua macho kwenye milima, na ile ya 150 yenye ngoma na matoazi. Ni Zaburi kubwa, hakuna anayezishusha. Walakini ziko 150, na mtu akizisoma zote, kuanzia ya kwanza, hatakaa muda mrefu bila kukutana na watu wanaolia.

Zinazolia si chache. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni vilio, na hakuna aina ingine ya Zaburi inayozipita kwa hesabu. Tena si kilio cha mtu mmoja siku moja. Kitabu kimegawanywa katika sehemu tano; jina la Daudi limeandikwa juu ya Zaburi 73, la Asafu juu ya 12, wana wa Kora wana zao, na ya 90 inaitwa sala ya Musa. Ni sauti za vizazi vingi, za wafalme na za waimbaji wa hekalu, za wagonjwa, za watu waliopelekwa utumwani.

Sikilizeni wanavyosema. Yule wa Zaburi ya 13 anamwuliza Mungu mara nne, ndani ya mistari miwili tu, mateso yake yatakwisha lini. Wale wa Zaburi ya 44 wanamtaka Mungu aamke, kama vile mtu anavyomwamsha mwenye usingizi, tena wanathubutu kusema kwamba wao hawakulivunja agano lake. Wale wa Zaburi ya 74 wanamwonyesha Mungu hekalu lililochomwa na mbao za nakshi zilizopasuliwa kwa mashoka, kana kwamba yeye hajapita pale kuona. Sisi ambao tumerudi kijijini tukakuta mabati ya kanisa yameng'olewa na viti vimegeuzwa kuni, hatuhitaji mwalimu wa kutufasiria maneno yale.

Na Zaburi ya 88, ambayo juu yake limeandikwa jina la Hemani! Zaburi nyingi za kilio zinageuka zinapokaribia mwisho. Mtu aliyeanza kwa machozi anamaliza kwa shukrani ao kwa ahadi ya kuimba. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio cha mchana na usiku, inapita shimoni na kaburini, na katika Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Wazee wa Israeli waliokusanya kitabu wangeweza kuiacha nje. Wangeweza pia kuiongezea mstari mmoja mzuri mwishoni, kusudi wasomaji wasiogope. Hawakufanya hivyo. Waliiweka pamoja na zingine, na sisi tumeipokea hivyo.

Basi tunasema: Mungu aliyekubali maneno hayo yakae ndani ya Neno lake hawezi kumkasirikia mama anayeyarudia saa nane za usiku.

Mzee wa kanisa anaweza kutukatiza hapa. Atasema: na wana wa Israeli jangwani? Si walinung'unika, wakaangamia? Si mtume Paulo aliwaonya Wakorintho wasifanye kama wao? Ni swali la haki, na hatutaki kulipita mbio. Zaburi zenyewe zinalijibu. Ile ya 106, inayohesabu makosa ya jangwani, inataja pahali waliponung'unikia: ndani ya hema zao. Musa anasema neno lile lile mwanzo wa Kumbukumbu la Torati. Walikaa hemani wakisemana juu ya Mungu, kwamba anawachukia, wala hawakusema naye. Na kiisha kusemana walitafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri. Sasa mwangalieni yule wa Zaburi ya 142, aliye ndani ya pango. Yeye pia ana malalamiko, na pengine ni machungu kuliko yao, lakini anayamimina mbele za Bwana. Maneno ya hawa na ya huyu yanaweza kufanana. Anayeambiwa ndiye tofauti.

Mtoto mwenye njaa anaweza kwenda kwa jirani kusema kwamba mamaye ni mbaya. Mtoto mwingine, mwenye njaa ile ile, anashika kikwembe cha mamaye na kulia mpaka mama akasirike. Huyu wa pili anasumbua zaidi. Lakini ndiye anayeamini bado chakula kitatoka wapi.

Tena kuna habari ya Ayubu, ambayo tunaihubiri mara nyingi lakini tunaacha sehemu yake ya mwisho. Tunasema Ayubu alivumilia. Ni kweli katika sura mbili za kwanza. Kuanzia sura ya tatu analaani siku ya kuzaliwa kwake, anamwita Mungu hukumuni, anadai majibu. Rafiki zake watatu ndio wanaosema maneno ya kanisani: Mungu ni wa haki, tubu, utapona. Na Mungu anapomaliza kusema, katika sura ya 42, anawakasirikia nani? Anawakasirikia wale watatu, na kusema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama mtumishi wake Ayubu alivyonena. Inabidi Ayubu mwenyewe awaombee. Tunaomba kila mtu anayekwenda kufariji wengine aisome sura hiyo kwanza, kabla hajashika njia ya kwenda kwenye kilio.

Na juu ya yote yuko Mwokozi wetu. Msalabani, katika saa ya giza, hakutunga sala mpya. Alichukua mwanzo wa Zaburi ya 22, Zaburi ya mtu anayemwuliza Mungu wake sababu ya kuachwa, akaulia kwa sauti kubwa. Matayo na Marko waliandika Injili zao kwa Kigiriki, lakini maneno yale waliyaacha katika lugha aliyoyasema, kana kwamba hakuna aliyethubutu kuyagusa. Anayefundisha kwamba kuuliza sababu ni kukosa imani, na aangalie vizuri anamhukumu nani.

Kwa nini basi tunawanyamazisha watu? Tunafikiri ni woga wetu sisi wenyewe. Machozi ya mwenzako yanakuogopesha, unataka yakauke upesi, na neno la Mungu linakuwa kitambaa cha kumfungia kinywa. Mmewahi kusikia yanayosemwa kwenye kilio: usilie, Mungu ana mpango wake, mshukuru Mungu, kuna wengine waliopoteza zaidi, usiulize, utamkasirisha. Wengine wanafika mbali zaidi na kusema kuna dhambi iliyofichwa katika nyumba ile. Maneno hayo yanasemwa na watu wema, waliotoka mbali kwa miguu, waliobeba unga na makaa. Unga wao ulifariji kuliko maneno yao.

Babu zetu walijua kulia kwa maneno. Kwenye kilio mama hakutoa sauti tupu. Alimwita marehemu kwa jina, alihesabu kazi alizozifanya, alimwuliza sababu gani ameondoka kabla ya mvua, nani sasa ataezeka nyumba. Hakuna aliyemwambia anyamaze, sababu wote walijua kwamba maneno yale yanaondoa kitu kifuani. Zaburi za kilio zinafanana sana na desturi ile, ila maswali yanapelekwa kwa Mungu aliye hai, anayeweza kuyasikia na kuyajibu.

Nini kinatokea pahali kilio kinapozuiwa, hata kwa sababu nzuri? Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ugonjwa wa Ebola ulichukua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Waliopita pale wanakumbuka: mwili ulitiwa ndani ya mfuko, ukazikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga toka kichwani mpaka miguuni, na jamaa walisimama mbali. Ilikuwa lazima, sababu kumgusa marehemu kulileta kifo kingine, na hatuwalaumu waganga waliofanya kazi hiyo. Lakini wapo watu wa Beni, Butembo na Mabalako waliobaki na kilio kooni. Zaburi ya 38 ni ya mgonjwa ambaye rafiki na jamaa zake wamesimama mbali na pigo lake. Tungependa isomwe katika nyumba zile, hata leo, hata kama miaka imepita. Kilio kilichocheleweshwa hakiishi chenyewe.

Mtu atauliza: mmesema sana juu ya machozi, na nguvu iko wapi? Tunamwelekeza kwenye Zaburi ya 42 na ya 43, ambazo ni kama Zaburi moja. Mtu yule anaisemesha nafsi yake, anaiuliza sababu gani imeinama, anaiambia imngojee Mungu. Anafanya hivyo mara tatu. Sisi tunapenda ile mara ya tatu kuliko zote, sababu inaonyesha kwamba mara ya kwanza na ya pili hazikutosha. Kiisha kujitia moyo alianguka tena, akajiinua tena. Hatukuahidiwa kwamba tutafunga Biblia tukiwa wazima.

Kuna pia Asafu katika Zaburi ya 73. Huyu hakulia kwa ajili ya kifo ao vita. Alilia kwa wivu. Aliwaona waovu wananenepa, hawapati taabu kama wengine, wanasema kwa kiburi, na watu wanawafuata. Naye aliyeinawa mikono yake anapigwa kila asubuhi. Hilo tunalijua. Wale wanaochimba koltani ya Rubaya kwa mikono hawalali katika nyumba nzuri. Anayelala katika nyumba nzuri ni mwingine, na wakati mwingine anatoa sadaka kubwa, na tunamsimamisha mbele ili ashangiliwe. Asafu anasema mguu wake ulikuwa karibu kuteleza. Kiisha aliingia patakatifu pa Mungu, akafahamu mwisho wao. Lakini angalieni sana: alipotoka nje, hakuna kilichokuwa kimebadilika mtaani. Waovu walikuwa wangali wanene. Kilichobadilika ni kwamba alijua kuna mkono unaomshika mkono wake wa kuume. Nguvu ya Zaburi ni ya namna hiyo. Haipunguzi bei ya unga sokoni, wala haiondoi kizuizi barabarani. Inamzuia mtu asiteleze awe kama wale anaowaonea wivu.

Tunasema hivyo kwa sababu kuna fundisho lingine linalopita kati yetu, na linaumiza. Watu wa Goma wanaipenda Zaburi ya 46, inayosema juu ya milima kutikisika mpaka moyoni mwa bahari. Wana haki ya kuipenda. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na makanisa yaliungua pamoja na maduka. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na safari hii moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Katika siku zile tulisikia ushuhuda mwingi: tuliomba, moto ukasimama. Tulishukuru pamoja nao. Lakini Buhene, upande wa kaskazini, nyumba ziliteketea. Je, watu wa Buhene hawakuomba? Hawakuwa na Biblia? Someni tena Zaburi ile. Haisemi mlima hautatikisika. Inasema mlima utikisike, nasi Mungu yuko pamoja nasi. Mtu wa Buhene aliyelala chini ya turubai anaweza kuiimba Zaburi ya 46 bila kusema uongo hata kidogo. Lakini ushuhuda ule wa moto kusimama, yeye hawezi kuuimba.

Vilevile kuna wanaoandika Zaburi ya 91 kwenye karatasi, wakaikunja na kuishona katika nguo ya mtoto, ao kuifunga kiunoni kabla ya safari, kusudi risasi ipite pembeni. Kwa hawa tunajibu kwa ufupi. Zaburi ya 91 ilitumiwa namna hiyo mara moja katika Injili, juu ya ukuta wa hekalu, na aliyeitumia alikuwa Shetani. Aliijua kwa moyo. Alimwambia Yesu ajitupe, sababu malaika wameahidiwa. Na Yesu alikataa kuifanya Zaburi kuwa dawa ya kumlazimisha Baba yake. Inatosha.

Linabaki jambo gumu zaidi, na hatutaki kulificha, sababu katika inchi yetu linaweza kuua. Ni Zaburi zinazolaani.

Watu wa inchi hii wanajua vizuri nusu ya kwanza ya Zaburi ya 137, ile ya wahamishwa waliokaa kando ya mito ya Babeli wakatundika vinubi vyao. Walikuwa wametolewa Yerusalemu, mji ulioanguka miaka zaidi ya 580 kabla ya Kristo. Wazee wetu nao, katika wakati wa serikali ya Wabelgiji, walihamishwa mbali na vijiji vyao kwa sababu ya kusali. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 na kufa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, kiisha miaka 30 ya kifungo. Wimbo wa Bwana katika inchi ya ugeni, huo tulijifunza kwa miili. Lakini Zaburi ile ina nusu ya pili, na korale zinasimama kabla ya kuifikia. Pale mwimbaji anawatakia watoto wachanga wa Babeli kifo cha kutisha. Ile ya 109 inamtakia adui watoto yatima na mke mjane. Ile ya 58 inaomba meno yavunjwe.

Tufanye nini nazo? Wengine wanashauri tuziruke. Sisi hatukubali, sababu hasira ile iko mioyoni mwa watu wetu hata tukiruka kurasa. Mama ambaye nyumba yake ilichomwa mbele ya macho yake hana haja ya Zaburi ili ajue kulaani. Afadhali aseme kwa Mungu kuliko kuwasemesha watoto wake jioni karibu na moto, mpaka wakue na kuitwa na wenye silaha. Mwimbaji wa Babeli hakuwa na panga. Aliitoa hasira yake yote, ikiwa chafu vile ilivyokuwa, akaiweka mikononi mwa Mungu, na mikono yake ikabaki mitupu. Hukumu ni ya Bwana. Ndivyo Paulo alivyowaandikia Warumi katika sura ya 12, akiwakataza kujilipiza wenyewe.

Lakini tumeona pia kinyume. Tumeona mkesha ambapo Zaburi ya 35 ao ya 109 inasomwa na mtu ambaye mikono yake haitabaki mitupu asubuhi. Anasoma neno adui, na moyoni anatia jina la kabila. Anasoma neno mchawi pahali ambapo halikuandikwa, na macho ya wote yanamgeukia bibi kizee wa nyumba, ao mtoto yatima anayekojoa kitandani. Hapo Zaburi haipelekwi tena kwa Mungu. Inapelekwa kwa vijana waliosimama mlangoni. Tunasema waziwazi kwamba huko ni kuiba kitabu kitakatifu. Tena, kwa upande wa watoto, sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na kiongozi wa sala hana ruhusa ya kuivunja kwa sababu ameshika Biblia.

Ni kweli, Zaburi ya 83 inataja mataifa kwa majina, moja moja. Hatutaficha. Lakini wanafunzi walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Yesu aliwakemea, na safari ikaendelea kwenda kijiji kingine. Na angalieni Zaburi ya 139. Kiisha maneno mazuri juu ya Mungu anayetujua tumboni mwa mama, ghafula mwimbaji anasema anawachukia adui za Mungu kwa chuki kamili. Watu wengi wanasimama pale. Yeye hakusimama. Katika mistari miwili ya mwisho anamwomba Mungu amchunguze yeye mwenyewe, aone kama kuna njia mbaya ndani yake. Amewataja adui zake, kisha akajiweka pamoja nao mbele ya jaji yule yule. Anayetaka kusoma Zaburi za laana katika mkesha, na asome hiyo mpaka mwisho wake, kwa sauti, wote wakisikia.

Kuna nyingine tunayoifikiri sana siku hizi, ya 55. Yule anayelia pale anasema kwamba angekuwa adui aliyemtukana, angevumilia. Kumbe ni rafiki, mtu waliyekwenda pamoja kwenye nyumba ya Mungu. Parokia nyingi za mashariki ya inchi zimeingia katika Zaburi hiyo. Watu walioimba sauti moja katika korale moja hawasalimiani, kila mmoja akijua nduguye mwingine alikuwa upande gani mwaka 2012, ao mwaka 2025. Hatuna neno la upesi kwa ajili yao. Tunaona tu kwamba Zaburi ya 55 haijifanyi kama urafiki ule haukuwako.

Wachungaji na mashemasi wametuuliza namna ya kufanya. Kwanza, Zaburi isomwe kwa sauti. Zilitungwa kwa kuimbwa na watu wengi, na mtu aliyechoka kuomba peke yake anaweza kubebwa na sauti za wengine. Isomwe katika lugha ambayo mtu alinyonyeshwa nayo, kama iko. Mzee wa Kinande, Kihunde, Mashi ao Kibembe anaweza kuitikia Swahili kwa kinywa na kulia kwa lugha yake. Kwa wagonjwa wasioweza kulala, ile ya 4 ni fupi na ni ya jioni. Kwa mtu anayeungama, ile ya 51. Kwa mtoto, iliyo fupi kuliko zote ni ya 117, mistari miwili, ataijua kabla ya chakula kuiva.

Na kwenye kilio, siku ya kwanza, msianze na ya 150. Ngoma zingoje. Someni ile ya 88 yote, bila kuongeza maelezo mwishoni, kiisha kaeni chini pamoja na wenye msiba. Wakitaka kusema, wasikilizwe, hata wakimsemesha Mungu kwa ukali. Wasipotaka, wamama wanajua kupika na wababa wanajua kuchochea moto. Kilio kikiendelea mpaka karibu na alfajiri, mtu mmoja asome ya 130, inayotaja walinzi wanaongoja asubuhi. Katika mitaa yetu ambapo vijana wanalinda usiku kwa filimbi na sufuria, na wezi wakija sufuria zinapigwa toka nyumba hadi nyumba mpaka mtaa wote umeamka, hakuna atakayeuliza maana yake.